Bibi anaongea Kialbania, mwanawe hataki kuitwa Mwalbania: nani anasema kweli?

Swali: Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Kypseli hapa Athens. Namhudumia bibi mmoja wa Markopoulo, nje kidogo ya jiji. Akichoka anaacha Kigiriki, anaanza lugha nyingine kabisa. Mwenzangu wa zamu ni Mwalbania wa Vlorë, naye anamwelewa: bibi akisema "ujë" anamletea maji, akisema "bukë" anampa mkate. Siku moja nikamwambia mtoto wa bibi, mtu mzima kabisa, "Kumbe nyinyi ni Waalbania." Alikasirika nusura anifukuze kazi. Akasema wao ni Waarvaniti, tena ni Wagiriki kuliko Wagiriki. Je, wanaficha asili yao? Na mwanangu aliyezaliwa hapa, anayesoma na watoto wa Kialbania wenye majina ya Kigiriki, yeye atakuja kuwa nani?

Jibu:

Dada yangu, mtoto wa bibi, huyo mzee wa Markopoulo, hafichi kitu. Mwenzako wa Vlorë hakosei, maana lugha ya bibi ni tawi la Kialbania, na mwanaisimu yeyote atakwambia hivyo bila kusita. Huyo mzee naye hakosei anapokataa jina ulilompa. Ulichogusa ni kidonda cha zamani, na ulikigusa kwa kufikiri kama tunavyofikiri wengi wetu: mtu akiongea lugha ya kabila fulani, basi ni wa kabila hilo. Ugiriki haikujengwa kwa hesabu hiyo. Kwa miaka mingi sana swali la kwanza lilikuwa mtu anasali wapi, na lugha ya nyumbani ilikuja baadaye, wakati mwingine haikuulizwa kabisa.

Nianze na walivyofika, kwa sababu wengi hudhani Waarvaniti ni wahamiaji wa juzi waliobadilisha jina. Walianza kuingia kusini mwa Ugiriki katika karne ya 14. Tauni ilikuwa imepita, vita havikatiki, mashamba yamebaki magofu, na kila mtawala alitafuta watu wa kulima, kulipa kodi na kupigana. Waalbania walikuwa wafugaji na wapanda farasi hodari, wakashuka na familia zao na mifugo yao. Mnamo 1382 mfalme Peter IV wa Aragon, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya Athens, alitoa msamaha wa kodi kwa Wagiriki na Waalbania watakaokuja kukaa huko. Miaka kama 12 baadaye Theodore I Palaiologos, mtawala wa Bizanti kule Peloponnese, aliwakaribisha wengine wapatao 10,000 waliokuwa wamekusanyika kwenye shingo ya nchi pale Corinth. Venice nayo ikawapa ardhi kisiwani Evia kwa sharti la kuja na farasi. Haya yote yalitokea karibu miaka 200 kabla Wareno hawajajenga Fort Jesus pale Mombasa. Mtu ambaye babu zake wamezikwa Attica, mkoa unaoizunguka Athens, kwa miaka 600 ana haki ya kushangaa akiulizwa ametoka wapi.

Wewe mwenyewe, siku ulipotua Athens, ulitua Spata. Uwanja wa ndege uliofunguliwa 2001 umejengwa kwenye ardhi ya mji wa Kiarvaniti, na jina Spata hunasibishwa na ukoo wa Shpata, mmoja wa koo za Kialbania zilizotawala mji wa Arta, magharibi mwa Ugiriki, mwishoni mwa karne ya 14. Koropi, Markopoulo, Paiania, Menidi, Mandra, Aspropyrgos, Elefsina, kisiwa cha Salamis: jiji la Athens limezungukwa na miji yao. Wapo pia Boeotia, kusini mwa Evia, kaskazini mwa Andros, Corinth, Argolid, na visiwa vya Hydra na Spetses. Katikati ya karne ya 19, wasomi wa Ulaya waliopita huko walikadiria wasemaji wa lugha hiyo kuwa kati ya 170,000 na 200,000, katika ufalme uliokuwa na watu kama milioni 1 tu.

Sasa tuje kwenye kanisa, ndipo penye kiini.

Chini ya Milki ya Osmani, dola ya Waturuki iliyotawala Ugiriki kabla ya uhuru, raia walipangwa kwa dini. Waorthodoksi wote, wawe wasemaji wa Kigiriki, Kialbania, Kivlachi, Kibulgaria au Kituruki, walihesabiwa jamii moja chini ya Patriaki wa Konstantinopoli. Ndoa zao, mirathi yao, shule zao na misiba yao vilipitia kanisani, na lugha ya kanisa ilikuwa Kigiriki. Mwarvaniti wa Hydra aliongea Kialbania na mkewe, akasali kwa Kigiriki, akaandika mikataba ya biashara kwa Kigiriki, na alipomwona Mwalbania Mwislamu aliyetumwa na pasha kukusanya kodi, hakuona ndugu. Aliona Mturuki. Neno "Mturuki" wakati huo lilimaanisha Mwislamu kabla ya kumaanisha kabila.

Ndiyo maana vita vya uhuru vilipoanza 1821, Waarvaniti walikuwa mstari wa mbele, na hakuna aliyewaona wageni. Laskarina Bouboulina, mama mjane wa Spetses aliyejenga meli ya kivita Agamemnon kwa mali yake, alikuwa Mwarvaniti. Andreas Miaoulis, amiri wa meli za mapinduzi, alitoka Hydra, kisiwa ambacho karibu wote waliongea lugha ya bibi yako. Georgios Kountouriotis, naye wa Hydra, aliongoza serikali ya muda katikati ya vita. Markos Botsaris wa Souli, aliyeuawa vitani 1823, aliwahi kuandika kwa mkono kamusi ya Kigiriki na Kialbania akiwa Corfu mwaka 1809. Baada ya uhuru, Antonios Kriezis wa Hydra akawa waziri mkuu kuanzia 1849 hadi 1854. Pavlos Kountouriotis, wa ukoo uleule, aliongoza jeshi la majini katika Vita vya Balkani vya 1912 na 1913, na mwaka 1924 akawa Rais wa jamhuri. Kabla ya euro, sarafu ya drakma 1 ilikuwa na sura ya Bouboulina. Na ile sketi nyeupe yenye mikunjo wanayovaa askari wa heshima mbele ya Bunge pale Syntagma, ambayo watalii hupigana vikumbo kuipiga picha kama alama ya Ugiriki yenyewe, ni vazi lililoenea huko kwa njia ya Waalbania.

Kwa hiyo mzee wako aliposema wao ni Wagiriki kuliko Wagiriki, hakuwa anajigamba ovyo. Alikuwa anakwambia: sisi ndio tulioichangia nchi hii damu kabla haijawa nchi.

Kwetu tunao mfano wa karibu. Kleist Sykes, katibu mwasisi wa African Association ya Dar es Salaam mwaka 1929, baba yake alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji na jeshi la Wajerumani. Wanawe walikuwemo katika harakati zilizozaa TANU. Jaribu kumwambia mtu wa ukoo ule kuwa yeye si wa Dar es Salaam, kwa kuwa babu yake alikuwa Mzulu. Kweli ya nasaba utakuwa nayo, lakini utakuwa umemtukana.

Tofauti ni kwamba akina Sykes wanaitaja asili yao mchana kweupe. Waarvaniti, kwa vizazi vingi, waliinamisha kichwa. Kwa nini?

Sababu moja ina jina la mtu. Mwaka 1830, nchi ikiwa bado changa, Mjerumani mmoja aitwaye Jakob Philipp Fallmerayer aliandika kuwa Wagiriki wa sasa hawana hata tone la damu ya Wagiriki wa kale, kwamba ni Waslavi na Waalbania waliojifunza Kigiriki. Kumbuka Ulaya ilikuwa imewaunga mkono Wagiriki kwa sehemu kubwa kwa sababu ya heshima ya akina Plato. Kusema hivyo kulikuwa sawa na kuwaambia kuwa wamejipatia uhuru kwa hati ya kughushi. Kuanzia hapo wasomi wa Ugiriki walitumia nguvu nyingi kuthibitisha mnyororo usiokatika kutoka zama za kale, na kila kijiji cha Attica ambako watoto walichunga mbuzi kwa Kialbania, chini ya kilima cha Acropolis, kikawa aibu inayohitaji maelezo.

Mimi naona Fallmerayer alikosea swali lenyewe. Taifa halipimwi kwa tone la damu. Lakini waliomjibu nao walilikubali swali lake, wakaanza kupima damu kwa upande wao, na gharama yake ililipwa na lugha kama ya bibi. Katika karne ya 20 vijiji vikabadilishwa majina: Liopesi ikawa Paiania, Kriekouki ikawa Erythres, Menidi ikarudishiwa jina la kale la Acharnes, ingawa wenyeji hadi leo wanasema Menidi. Shuleni ilikuwa Kigiriki tu. Wakati wa udikteta wa Ioannis Metaxas, kuanzia 1936 hadi 1941, mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya nyumbani alichapwa au kuaibishwa mbele ya wenzake. Wazee wa rika la bibi yako walipitia hayo au walisimuliwa na kaka na dada zao. Huenda ndiyo sababu anaiongea akiwa amechoka tu, pale ulinzi wa akili unapolegea.

Usifikiri kwamba hakukuwa na aliyejaribu njia nyingine. Anastasios Koulouriotis, aliyezaliwa Plaka, palepale chini ya Acropolis, alianzisha Athens gazeti lililojiita Sauti ya Albania mwaka 1879, na 1882 akatoa kitabu cha kujifunzia kusoma kwa Kialbania. Hakufika mbali. Dola haikutaka, na hata majirani zake wengi hawakuona haja. Waliona njia ya mtoto kupata cheo serikalini, jeshini au kanisani inapita kwenye Kigiriki, wakachagua wenyewe kunyamaza mbele ya watoto. Nasema hili kwa sababu wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba ni viboko vya dola peke yake. Viboko vilikuwepo. Lakini ndoa na watu wa nje ya kijiji, kupanuka kwa jiji la Athens, mishahara ya ofisini, na mama aliyeamua kuwa mwanawe asichekwe shuleni, hivyo vilifanya kazi kubwa zaidi, tena kimya kimya. Miaka ya 1970, mwanaisimu Mwingereza Peter Trudgill na mwenzake walipofanya utafiti Attica na Boeotia, tayari waliona wazee wanaongea, watu wa makamo wanachanganya, watoto wanasikiliza tu. Leo UNESCO inaiweka Kiarvanitika, yaani lugha hiyo ya bibi, katika kundi la lugha zilizo hatarini sana kutoweka. Sensa ya Ugiriki haijauliza swali la lugha tangu 1951, kwa hiyo hesabu ya wasemaji ni makadirio, na makadirio yanaanzia 50,000 hadi 200,000.

Linganisha na Italia. Ndugu wa hao hao, waliovuka bahari kwenda kusini mwa Italia Waturuki walipoingia Albania, wanaitwa Arbëreshë, na sheria ya Italia namba 482 ya 1999 inawatambua kama jamii ya lugha ya kihistoria. Ishara za barabarani katika miji yao zinaandikwa kwa lugha mbili. Ugiriki haijasaini hata Mkataba wa Ulaya wa Lugha za Kikanda au za Wachache. Jamii pekee ya wachache inayotambuliwa rasmi ni Waislamu wa Thrace Magharibi, na hao pia wanatambuliwa kwa dini, kutokana na Mkataba wa Lausanne wa 1923. Ajabu ni kwamba Waarvaniti wengi wenyewe hawataki kuitwa jamii ya wachache. Wanalisikia neno hilo kama kushushwa daraja, kutolewa sebuleni na kupelekwa ua wa nyuma.

Huo Mkataba wa Lausanne unastahili dakika moja zaidi, maana unaonyesha hesabu ya dini ilivyofanya kazi bila huruma. Ugiriki na Uturuki zilibadilishana watu kwa kigezo cha dini tu. Waorthodoksi wa Anatolia waliozungumza Kituruki na hawajui neno la Kigiriki walipelekwa Ugiriki kama Wagiriki. Waislamu wa Krete waliozungumza Kigiriki na hawajui neno la Kituruki walipelekwa Uturuki kama Waturuki. Zaidi ya Waorthodoksi milioni 1 waliishia upande mmoja, na Waislamu laki kadhaa upande wa pili.

Waislamu wa Chameria, eneo la Thesprotia kaskazini-magharibi, waliachwa nje ya ubadilishanaji huo kwa kuwa walikubaliwa kuwa na asili ya Kialbania. Hawakuachwa salama. Walinyang'anywa ardhi, wakatazamwa kama jasusi wa jirani. Italia iliyokuwa imeikalia Albania ilipoivamia Ugiriki, na baadaye Wajerumani walipoingia, baadhi yao walishirikiana na wavamizi, na ushirikiano huo ulimwaga damu: Septemba 1943 Wagiriki 49 wa mji wa Paramythia waliuawa kwa kupigwa risasi. Kisha mwaka 1944 na mwanzoni mwa 1945 wapiganaji wa EDES, kundi la Wagiriki wa msituni waliopinga uvamizi, chini ya Napoleon Zervas waliwafukuza Waislamu wa Chameria wote, wenye hatia na wasio na hatia, na wakaua raia, wanawake na watoto wakiwemo. Walionusurika walikimbilia Albania, wakapoteza uraia na mali. Suala la mali hizo bado linachafua meza ya mazungumzo kati ya Tirana na Athens.

Na sasa tazama: katika mkoa huohuo, vijiji vya Waorthodoksi waliozungumza Kialbania kilekile vilibaki mahali pake, na wakazi wake ni Wagiriki hadi leo, bila swali. Lugha moja, mkoa mmoja, hatima mbili. Ukitaka kumwelewa mzee wa Markopoulo, shika mfano huo kuliko hotuba yoyote kuhusu asili.

Baada ya hapo jina lenyewe lilibadilika maana. Albania ilijitangazia uhuru Novemba 1912, ikawa dola ya jirani yenye mpaka unaogombaniwa. Tarehe 28 Oktoba 1940 majeshi ya Italia yalivamia kutokea ardhi ya Albania, na siku hiyo ndiyo sikukuu ya taifa unayoiona kila mwaka watoto wakiandamana na bendera. Kisha ukaja ukomunisti na mpaka ukafungwa karibu nusu karne. Hivyo Mwarvaniti alibaki na lugha ambayo jina la ndugu zake sasa lilimaanisha adui au mtu wa ng'ambo ya waya.

Waya ulipokatika mwaka 1991, walikuja kwa miguu kupitia milimani, maelfu kwa maelfu. Sensa ya 2001 ilihesabu raia wa Albania wapatao 438,000, zaidi ya nusu ya wageni wote nchini. Waliokota zeituni, waliwatunza wazee kama unavyofanya wewe, walibeba zege la viwanja vya Olimpiki ya 2004. Miaka saba hivi ya mwanzo hawakuwa na njia ya kupata vibali. Polisi walifanya misako waliyoiita ufagio na kuwarudisha mpakani kwa mabasi, na baada ya siku chache walirudi tena. Vibali vya kwanza kwa wingi vilianza kutolewa 1998. Magazeti na televisheni vililifanya jina lao kuwa kisawe cha mwizi.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya Mwarvaniti wa miaka hiyo. Amejenga nyumba, watoto wako chuo kikuu, Kigiriki chake hakina lafudhi. Anakuja kijana mchovu kuomba kibarua shambani, na mama yake, yule bibi, anaanza kuongea naye kwa raha kama waliokua pamoja. Wapo waliofurahi kweli. Wapo walioajiri wageni hao kwa sababu ya lugha hiyo, wakawalisha na kuwapa mahali pa kulala. Lakini wengi walishtuka, na mstari kati ya Mwarvaniti na Mwalbania ukachorwa upya kwa wino mzito zaidi. Kumwita mzee yule Mwalbania leo hakumpeleki karne ya 14. Kunampeleka kwenye yale mabasi ya polisi. Aibu ya kweli hapo, kwa maoni yangu, iko kwenye dharau waliyomwagiwa wahamiaji, hata jina la watu likageuka tusi. Lakini huwezi kumlaumu mtu mmoja kwa kuogopa tusi.

Wahamiaji nao walisoma mchezo haraka. Albania ilikuwa imepiga marufuku dini zote kuanzia 1967 hadi 1990, kwa hiyo wengi waliotoka katika familia za Kiislamu hawakuwa wameshika dini ya kina. Walipoona mwajiri analegea akisikia jina la Kikristo, mtu akajiita Giorgos kazini, na wengine wakawabatiza watoto. Ndiyo hao watoto wenye majina ya Kigiriki darasani kwa mwanao. Ukiitazama vizuri, ni njia ileile waliyopita Waarvaniti: kanisa kwanza, kisha shule, kisha lugha ya nyumbani inaanza kufifia. Safari hii tu kuna pasipoti katikati, na kuna kamera.

Hata hivyo mlango haukufunguliwa kwa upole. Mwaka 2000, na tena 2003, kijana wa Kialbania katika mji wa Nea Michaniona karibu na Thessaloniki alikuwa wa kwanza kwa alama, na kwa utaratibu ndiye aliyestahili kubeba bendera katika gwaride la 28 Oktoba. Wazazi na wanafunzi wakagoma. Mara zote mbili akaachia heshima hiyo. Septemba 2004, miezi miwili baada ya Ugiriki kutwaa Kombe la Ulaya, Albania iliwafunga 2–1 Tirana, na usiku huo vurugu zikazuka miji mingi ya Ugiriki. Mwalbania mmoja aliuawa kisiwani Zakynthos. Ukizungumza na Waalbania wa umri wa kati hapo Athens, wengi wanaukumbuka usiku ule kuliko mechi yenyewe.

Neno la tahadhari kabla sijafika kwa mwanao. Mtandaoni utakutana na video mbili zinazopingana. Ya kwanza itakwambia kuwa mashujaa wote wa 1821 walikuwa Waalbania na Ugiriki ni uzushi. Ya pili itakwambia kuwa Waarvaniti ni Wagiriki wa kale kabisa ambao kwa bahati tu waliokota lugha njiani. Zote zinapachika pasipoti za leo kwenye mifuko ya watu wa jana. Bouboulina hakuwahi kuulizwa achague kati ya Athens na Tirana, kwa sababu Tirana kama mji mkuu haikuwepo, wala dola ya Albania.

Kwa huyo mzee, rekebisha mambo kwa maneno machache. Mwambie, "Nimeelewa sasa, nyinyi ni Waarvaniti, na nimesoma habari za Hydra na Spetses." Utaona uso unavyobadilika. Usimwite bibi kwa jina la nchi jirani, wala usimwombe mwenzako wa Vlorë amfanyie bibi mtihani wa lugha mbele ya wageni. Wakiwa wawili, waache waongee watakavyo. Kwa mzee aliyechoka lugha ya utotoni ni dawa. Mwenzako atakuta maneno kadhaa hayajui, kwa kuwa Kiarvanitika ilitengana na Kialbania kabla Kituruki hakijaingia humo, na imekopa Kigiriki kingi. Kama familia inaridhia, wajukuu wamrekodi anavyoimba na kusimulia. Vyama vya utamaduni vya Waarvaniti viko Attica, na rekodi za wazee wa aina yake zinazidi kuadimika kila mwaka.

Kuhusu mwanao. Kwa muda mrefu sheria ya Ugiriki ilifuata damu: mtoto wa mgeni alibaki mgeni hata akizaliwa Athens na asijue nchi nyingine. Giannis Antetokounmpo, mchezaji maarufu wa mpira wa kikapu aliyezaliwa Athens Desemba 1994 kwa wazazi kutoka Nigeria, alipata uraia 2013, akiwa na miaka 18 na timu za Marekani zikiwa tayari zinamtazama. Sheria ya 2010 ilijaribu kufungua njia kwa watoto hao, lakini Baraza la Dola, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, ikavunja vipengele vyake vikuu 2013. Iliyosimama ni sheria namba 4332 ya 2015. Kwa mtoto aliyezaliwa Ugiriki, haki inaanza anapoandikishwa darasa la kwanza, ikiwa mmoja wa wazazi alikuwa ameishi kihalali miaka 5 mfululizo kabla ya kuzaliwa kwake. Kama hakuwa ameifikisha, inahitajika miaka 10 kwa jumla. Njia nyingine ni masomo: miaka 9 ya shule, au 6 ya sekondari, akiwa na kibali. Waalbania ndio walio wengi miongoni mwa waliopata uraia kwa njia hizi, na hao wanaosoma na mwanao huenda tayari ni raia.

Kwa hiyo fungua droo yako leo. Tafuta vibali vyako vyote vya ukaazi tangu cha kwanza, hata vilivyokwisha muda, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na uthibitisho wa shule wa kila mwaka. Pengo la miezi kadhaa kati ya kibali na kibali ndilo linalowakwamisha wazazi wengi, na wakili wa uhamiaji anaweza kukwambia mapema kama la kwako linazibika. Jina la Kigiriki hakuna sheria inayomdai. Na hicho Kiswahili anachokisikia nyumbani, endelea kumwongelea.